Kiti cha Mbele ya Seva

Nakuru, 9 Septemba 2007

Kaka Nderitu,

Niaje huko juu kwa baridi? Kabla hujaketi kusoma, jua unaandikiwa na mtu mkubwa. Mimi ndiye internet ya Nakuru sasa. Nikipiga chafya hapa, kutoka stendi hadi mtaa wa Section 58 watu wanakosa e-mail. Jana mwalimu mzima, na tai shingoni, amesimama mbele yangu akisema, "Fundi, tafadhali." Mimi, ambaye form two ilinishinda! Nikamwambia, "Mwalimu, ngoja zamu." Nikamaliza chai kwanza, polepole, nikichovya mandazi.

Shosho, nyanya yetu, ni mzima. Nilimtembelea Jumapili. Bado ameweka picha yako juu ya redio na yangu nyuma ya kalenda, ati mwaka ukiisha nitaonekana. Auntie anaendeleaje na mguu? Mwambie aache kushuka shambani kwenye tope. Mguu si jembe, ukivunjika huendi dukani kununua mpini mwingine.

Nimekupigia simu hupatikani, ndiyo maana nampa Ogola wa lori la viazi hii barua.

Sasa kazi. Tangu uende Julai kumwangalia auntie, ukaniachia hiki kiti "kwa muda kidogo", kila mtu hapa cyber ananiimbia jina lako. Seva ikikwama, boss Bhupendra: "Nderitu alikuwa anafanya hivi." Printa ikikohoa: "Nderitu alikuwa anaigonga hapa." Nikamuuliza, boss, huyu Nderitu ni mtu ama ni mtakatifu? Basi nikaamua na mimi niweke mkono. Ile faili yako ya kuzungusha logi, zile kumbukumbu ambamo seva inaandika kila ukurasa mteja amefungua, nimeipunguza. Ulikuwa umejaza maneno kama hotuba ya chifu. Sasa ni fupi, inapendeza, unaweza kuioa.

Ni mimi,
Jamleck, fundi mkuu


Mau Narok, 30 Septemba 2007

Mdogo wangu Jamleck,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, kwa hivyo najua Ogola aliikalia. Mama anakusalimia. Mguu bado uko kwa plasta. Anasema ungekuwa karibu ungemchekesha mpaka mfupa uunge wenyewe. Mimi sijui kuchekesha, najua kuchota maji na kukoroga uji. Simu huku inashika ukipanda juu ya tangi la maji, na mwanaume wa umri wangu akionekana juu ya tangi kila jioni, majirani wanaanza kuulizana.

Umepunguza nini? Ile faili si insha ya shule. Kila neno lina kazi. Kila wiki logi ya zamani inabadilishwa jina, inabanwa iwe ndogo, na mpya inaanzishwa. Zikizidi nne, iliyozeeka zaidi inatupwa. Yote hiyo inafanyika yenyewe bila mtu kuamka. Bila hiyo, diski yetu ndogo inajaa. Diski ikijaa seva inasimama, na seva ikisimama, wewe utasimama nje barabarani. Rudisha kama ilivyokuwa.

Kile kiti bado kinalia ukiegemea kushoto? Usikirekebishe, nimekizoea.

Na huko upande wa photocopy wanaendeleaje?

Nderitu


Nakuru, 21 Oktoba 2007

Kaka Nderitu,

Salamu nyingi. Shosho amepata miwani mpya, sasa ananiona vizuri na hafurahii. Dadangu Njoki amefungua kibanda cha chai huko Mai Mahiu, chini ya mteremko, madereva wa malori wanapanga laini. Ametukaribisha sisi wote, lakini alisema hivi: "Mlete Nderitu." Mlete! Kama mimi ni gari ya kubeba Nderitu.

Kuhusu faili, punguza presha. Nilikuwa nakutania tu. Sijagusa kitu, iko vile uliiacha, kila nukta. Mtu hawezi kufanya mzaha na wewe?

Sasa, kwa sababu sijagusa kitu, nieleze hii: diski imejaa. Jumatano saa ya watu wengi mashine zote zikaganda. Kijana mmoja alikuwa anatuma maombi ya kazi, akalia kama mtoto. Nikazima seva, nikawasha, ikakaa sawa. Watu wakanipigia makofi. Nikainama kidogo kama mchungaji. Lakini baada ya siku chache ikarudia.

Bhupendra aliniita pale kwa till, anapohesabia pesa. Akaniambia kwa upole, na unajua yeye akisema kwa upole ni kubaya: "Jamleck, Nderitu atarudi Januari. Hii cyber haiwezi kulisha mafundi wawili. Nitabaki na yule ambaye mashine haimlalii mikononi." Nikamwambia boss, mbona unajisumbua kungoja Januari, tazama mbele yako. Akatazama. Akarudi kwa magazeti yake.

Kwa hivyo nisaidie, kaka, lakini haraka, na bila kelele.

Mashine ya photocopy iko sawa kabisa. Tuliibadilisha toner.

Jamleck


Mau Narok, 11 Novemba 2007

Jamleck,

Ngano imeanza kuiva na vumbi la mashine za kuvuna linaingia hadi kwa sufuria. Mama ametoka plasta. Anajifunza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni akinishika bega. Akifika mlangoni anapumzika, anatukana kuku, anarudi. Daktari amesema mwaka mpya atajitegemea. Hapo nitashuka kuchukua kiti changu. Nakwambia waziwazi ili usiseme nilikuvizia. Hiyo seva niliijenga kutoka kwa mabaki ya kompyuta tatu, vidole vikikatika. Bhupendra akitaka tushindane, tutashindana, tutakula pamoja jioni.

Sasa, ikiwa faili iko kama nilivyoiacha, basi kosa si la faili. Labda wateja wameongezeka na wiki moja imekuwa ndefu. Fungua faili, palipoandikwa "weekly" uandike "daily". Itazungusha kila siku badala ya kila wiki. Usiguse kingine chochote.

Sikuuliza mashine. Niliuliza Lynn, anayeisimamia.

Nderitu


Nakuru, 9 Desemba 2007

Kaka mpendwa,

Hapa mji umejaa makaratasi ya kampeni hadi kwa miti, na magari ya vipaza sauti yanapita mbele ya cyber mpaka keyboard zinatetemeka. Shosho anasema akishapiga kura anaenda kulala mpaka Januari.

Nimeweka "daily". Hakuna tofauti. Kusema kweli imekuwa mbaya zaidi, lakini nimegundua dawa yangu mwenyewe: kila ikianza kuganda, nazima nawasha. Kampuni kubwa kubwa huko Nairobi nadhani pia wanafanya hivyo, ni vile hawasemi. Bhupendra nimemwambia shida ni laini ya simu kutoka nje. Amenuna lakini amekubali.

Wewe usikimbilie kurudi. Nimewaza sana juu ya auntie. Mguu uliounga juzi na baridi ya Januari haviendani. Na nani atatukana kuku pamoja naye? Kaa hata mpaka Juni. Kaa mpaka Agosti. Mimi nitateseka tu na hiki kiti kwa niaba yako. Na kwa taarifa, nimekirekebisha, hakilii tena.

Lynn yupo. Amesuka nywele. Aliniuliza kama nimepata barua yako, nikamwambia ulizungumzia ngano peke yake. Si uongo, ngano ilikuwa mstari wa kwanza.

Jamleck


Mau Narok, 17 Februari 2008

Jamleck, mdogo wangu,

Nimekuandikia barua mbili mwezi wa kwanza, tangu zile fujo za baada ya kura, na zote ziko hapa mezani, kwa sababu Ogola hakuwa anashuka na hakuna aliyekuwa anashuka. Nimepanda juu ya tangi kila siku, namba yako inasema imezimwa. Mama anaamka akiuliza, analala akiuliza. Nimemwambia umepoteza simu. Nimesema hivyo mara nyingi mpaka nimeanza kuamini.

Huku juu pia tulilala nje siku kadhaa. Tumerudi kwa nyumba. Hayo mengine tutazungumza tukionana, si ya kuandika.

Achana na seva. Achana na kiti. Andika hata mstari mmoja umpe Ogola, ameanza safari tena.

Nderitu


Nakuru, 2 Machi 2008

Kaka,

Niko hai. Simu ndiyo ilipotea, auntie asikuone mwongo. Shosho yuko Mai Mahiu kwa Njoki tangu wiki ile. Anawapangia madereva vikombe na kuwafundisha adabu. Hana hata mkwaruzo.

Nyumba yangu ya Kaptembwo haiko. Usiniulize juu yake, hata tukionana.

Bhupendra alifungua cyber katikati ya Februari. Tulifagia vioo siku nzima, yeye, mimi na Lynn. Jioni akaniuliza naenda wapi, nikasema nyumbani. Akaniachia godoro la mlinzi na ufunguo wa mlango wa nyuma. Nalala huku nyuma ya seva, inatoa joto zuri. Nadhani mimi ndiye fundi wa kwanza Kenya anayekoroma pamoja na mashine yake.

Matokeo ya form four yametoka, watoto wamejaa mlangoni na wazazi wao, kila mtu anataka kuangalia jina. Ijumaa seva ikaganda nao ndani. Mama mmoja akaninyooshea kidole, "Kijana, mtoto wangu amepita ama ameanguka? Sema!" Nikakimbilia swichi bila hata utani mmoja, unaweza kuamini? Kuzima na kuwasha kulichukua muda, na waliochoka wakaenda kwa cyber ya ng'ambo.

Bhupendra amesema mwisho wa mwezi anaamua. Wewe ama mimi.

Kitu kimoja cha ajabu. Nikipima folda ya logi ni ndogo, haina kitu, nimefuta karibu yote kwa mkono. Lakini ukiuliza diski yenyewe, inasema imejaa asilimia mia moja. Vitu vimeenda wapi? Mtu anakulaje na sahani iko tupu?

Jamleck


Mau Narok, 16 Machi 2008

Jamleck,

Mama alilia, halafu akacheka ile ya kukoroma, halafu akapika chapati ambazo Ogola atakuletea kama hatazila njiani. Sitakuuliza juu ya Kaptembwo.

Swali lako limenipa jibu, na jibu halinifurahishi. Folda ikiwa tupu na diski imejaa, maana yake kuna programu bado imeshikilia faili ambayo wewe ulishaifuta. Kubadilisha jina la logi hakutoshi, hata kuifuta hakutoshi. Squid, ile programu inayowapa wateja kurasa, haijui kwamba umeihamisha. Inaendelea kuandika kwa ile ya zamani, mahali ambapo wewe huoni tena, na nafasi hairudi mpaka izimwe. Ndiyo maana dawa yako ya kuzima na kuwasha inafanya kazi kwa siku chache.

Sasa sikiliza. Hiyo haiwezi kutokea ikiwa mistari yangu ya mwisho iko. Niliiweka kwa sababu hiyo tu, kumwambia squid: acha hiyo faili, fungua mpya. Ni hii:

postrotate
/usr/sbin/squid -k rotate
endscript

Miezi sita nimekuwa nikitibu mashine ambayo haipo. Uliniambia hujagusa, nikatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa. Chukua karatasi, ninakilie faili yote kama ilivyo leo, neno kwa neno. Nataka kuona ulitoa nini.

Na kwa kuwa tunasema ukweli: Ogola ameniambia Lynn anakuletea chai asubuhi. Sikulala vizuri siku hiyo. Mimi niko hapa na uji na kuku, na wewe una mji, una seva, una chai. Nimekuonea wivu tangu Julai, tangu lori lilipokata kona ya kwanza, na barua zako za majivuno nazisoma mara mbili mbili nikisaga meno.

Mama anatembea na fimbo. Naweza kushuka Aprili. Lakini sasa najua kiti changu ndicho kitanda chako, na sijui nifanye nini na jambo hilo. Sema wewe.

Nderitu


Nakuru, 30 Machi 2008

Kaka Nderitu,

Chapati zilifika tatu. Muulize Ogola zilianza safari ngapi. Mwambie auntie zilikuwa tamu hata zikiwa baridi. Shosho ametuma ujumbe na dereva mmoja kwamba harudi Nakuru, Mai Mahiu amepata watu wa kugombeza hadi uzee uishe.

Faili ndiyo hii, vile ilivyokuwa ulipoiuliza:

# Jamleck, fundi mkuu. Nakuru.
/var/log/squid/access.log {
daily
rotate 4
compress
}

Basi. Umeona pale juu. Mistari yako ya mwisho niliitoa kwa sababu sikuielewa, na kitu ambacho sielewi huwa nasema hakina kazi. Lakini sikuanza kwa hiyo. Nilianza kwa mstari wa kwanza.

Ilikuwa Agosti. Nilikuwa nimeifungua kwa skrini tu, kuonekana na kazi. Lynn akaja nyuma yangu na karatasi zake, akainama, akasoma kwa sauti: "Nderitu aliweka hii. Tafadhali usiguse." Akacheka, si kicheko cha utani, kile kingine. Akasema, "Ona, hata akiwa Mau Narok bado anafanya kazi hapa." Akabaki ameegemea kiti, anaangalia hayo maneno. Mimi nilikuwa hapo, kaka. Nimekaa, nimechana nywele, niko na mikono miwili. Hakuna mtu amewahi kusoma jina langu hivyo, hata kwa kadi ya kliniki. Alipoenda nikaufuta huo mstari. Halafu mkono ukawa umezoea, ukaendelea kufuta mpaka chini.

Hiyo chai anayoniletea usiiogope. Anaiweka juu ya seva, anakaa, anauliza, "Amesema nini?" Sijawahi kupewa chai ambayo haikuwa na wewe ndani.

Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano asubuhi nikarudisha ile mistari mitatu, nikiangalia kila herufi kama mtu anayeshona jeraha. Nikazima, nikawasha mara ya mwisho, nikangoja. Imezungusha yenyewe kila siku tangu hapo, na diski haijafika hata nusu. Watoto wa matokeo wamerudi, na wa ng'ambo pia wamerudi. Yule mama wa kidole, mtoto wake amepita, alininunulia soda.

Kwa hivyo usifikirie mashine. Iko sawa kuliko ilivyowahi kuwa. Na usifikirie mahali nitalala, mimi ni mwembamba, naingia popote.

Kitu kilichoharibika ni cha jana. Bhupendra alikuja akasimama mbele ya seva, mikono nyuma, akaangalia namba za diski kwa muda mrefu. Lynn alikuwa pale. Nilikuwa na barua yako mfukoni, ilikuwa inakwaruza kifuani. Akaniambia miezi sita hii mashine imemsumbua na sasa imetulia, na kwamba siku aliyosema ataamua imefika. Akauliza ni nani ameitengeneza.

Nikasema ni mimi.

Jamleck